Mnyauko Mmoja wa Kabichi, Koo Nyingi za Kuvu Udongoni

Chukua mimea miwili ya kabichi iliyonyauka, mmoja umeng'olewa Lari na mwingine Kinangop, uilaze mezani sambamba. Huenda usione tofauti yoyote. Yote miwili itakuwa na majani yaliyogeuka manjano zaidi upande mmoja, shina lililopinda kidogo kuelekea upande huo, na ukilipasua shina kwa kisu utakuta mishipa ya maji imekuwa ya kahawia. Mkulima ataiita hali hiyo mnyauko, muuzaji wa duka la pembejeo atauliza shamba lina ukubwa gani, na wote wawili watazungumza kana kwamba adui ni mmoja. Hata hivyo, nyuzi za kuvu zilizomo ndani ya mashina hayo zinaweza kuwa za koo mbili zilizotengana tangu zamani sana, ukoo mmoja ukiwa na uwezo wa kuushinda ukinzani wa mbegu aliyoinunua mkulima kwa bei ghali, na mwingine ukiwa hauna.

Makala haya yanaeleza tofauti hiyo isiyoonekana kwa macho: hutokana na nini, hupimwa vipi, na kwa nini mkulima wa robo ekari anayeuza kabichi zake katika soko la Wangige anapaswa kuijali sawa na mtafiti wa Kabete. Jina la ugonjwa humweleza mkulima kilichoupata mmea wake. Tofauti za kijeni zilizofichika ndani ya jina hilo ndizo zinazoamua mbegu kinzani itadumu miaka mingapi, kubadilisha mazao kutasaidia au hakutasaidia, na ugonjwa utahama kwa njia gani kutoka bonde moja hadi jingine.

Nani ni kuvu na nani si kuvu

Kwanza tuwatenganishe wahusika, kwa sababu katika mazungumzo ya kila siku vimelea vyote vya udongoni hutiwa katika kapu moja. Kuoza kweusi, kule kunakoanza kama pembetatu ya manjano ukingoni mwa jani, husababishwa na bakteria, na hakumo katika makala haya. Uvimbe wa mizizi, unaoifanya mizizi ya kabichi ifanane na mihogo midogo iliyopindapinda, husababishwa na Plasmodiophora brassicae, kiumbe ambacho mtaalamu Mrusi Woronin alikieleza mwaka 1878. Kwa miaka mingi kiumbe hicho kiliorodheshwa pamoja na kuvu, lakini leo kinajulikana kuwa ni protista, wa tawi jingine kabisa la uhai. Pythium, inayoangusha miche michanga kitaluni kwa ugonjwa unaoitwa kinyausi, nayo ina undugu wa karibu zaidi na mwani wa kahawia kuliko kuvu. Tofauti hizi si za vitabuni tu. Dawa kadhaa za kuvu hufanya kazi kwa kuzuia utengenezaji wa mafuta maalumu yanayojenga utando wa seli za kuvu, na kiumbe kisichotengeneza mafuta hayo hakidhuriki. Mkulima atanyunyiza, atalipa, na miche itaendelea kuanguka.

Kuvu za kweli zinazoishi udongoni na kuishambulia kabichi ni kadhaa, lakini nne zinatosha kuonyesha jinsi tofauti za kijeni zinavyojengeka: Fusarium oxysporum, Rhizoctonia solani, Sclerotinia sclerotiorum na Verticillium longisporum. Nitaikalia zaidi ya kwanza, kwa kuwa historia yake na kabichi ni ndefu na imeandikwa vizuri.

Vichwa vichache vilivyosalia Wisconsin

Mwaka 1910, L. R. Jones wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, alianza kazi katika mashamba ya kusini-mashariki mwa jimbo hilo ambako kabichi zilikuwa zikigeuka manjano na kufa karibu zote. Badala ya kutafuta dawa, alipita katikati ya mashamba hayo, akachagua vichwa vichache vilivyosalia hai, akavitunza hadi vikatoa mbegu, kisha akazirudisha mbegu hizo katika udongo uleule mgonjwa. Kutokana na uchaguzi huo ikapatikana kabichi iliyoitwa Wisconsin Hollander. Mwanafunzi wake J. C. Walker, aliyezaliwa Racine katika eneo hilohilo la wakulima wa kabichi, aliendeleza kazi hiyo na kufikia mwaka 1930 akawa amebainisha kuwa ukinzani ni wa namna mbili. Namna ya kwanza, inayoitwa A, hutegemea jeni moja tu yenye nguvu ya kutawala, na hubaki imara hata udongo unapopata joto. Namna ya pili, B, hutegemea jeni nyingi zinazosaidiana, nayo hulegea joto la udongo linapozidi takriban nyuzi 24 za Selsiasi.

Hapa yafaa kutua kidogo, kwa sababu joto linaweza kumpotosha mtu akadhani ameona tofauti ya kijeni. Kuvu hii hupenda udongo wenye joto la nyuzi 27 hivi, na karibu hulala joto likishuka chini ya nyuzi 16. Mkulima wa Limuru, aliye zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na nduguye anayemwagilia kabichi Kajiado, wanaweza kupanda mbegu ya pakiti moja katika udongo wenye ukoo uleule wa kuvu, mmoja akavuna na mwingine akapoteza nusu ya shamba. Si kila tofauti ya shambani ni tofauti ya damu. Ndiyo maana watafiti hawaridhiki na kutazama dalili. Huitoa kuvu shambani na kuijaribu kwenye mimea inayojulikana, katika joto moja, kabla ya kutangaza kwamba wamepata kitu kipya.

Jeni A ililinda kabichi kwa zaidi ya nusu karne. Kisha, katika miaka ya 1980, kuvu iliyoweza kuishambulia hata kabichi yenye jeni hiyo ilipatikana California. Ikaitwa mbari ya 2, na ile ya zamani ikawa mbari ya 1. Msomaji anayenunua mbegu chotara atazame orodha ya magonjwa kwenye pakiti au katika kijitabu cha kampuni: akikuta alama Foc: 1, maana yake ni kwamba mbegu hiyo ina ukinzani dhidi ya mbari ya 1 ya Fusarium ya kabichi. Tarakimu ile ndogo hubeba habari yote ninayoieleza hapa, na wengi huipita bila kuiuliza.

Kuvunjika kwa ukinzani huo kunaelezeka. Kuvu ikishaingia katika mishipa ya maji, hutema protini ndogondogo zinazoudhoofisha mmea. Mmea wenye jeni kinzani una protini yake inayofanya kazi kama mlinzi wa lango anayemfahamu mgeni mbaya kwa alama moja tu mwilini mwake. Akiiona alama, hupiga kelele na lango hufungwa. Katika miaka ya 1940 Mmarekani H. H. Flor, akichunguza ugonjwa wa kutu katika kitani, alionyesha kwamba kwa kila jeni ya ukinzani katika mmea ipo jeni inayolingana nayo katika kimelea. Kuvu inayoipoteza alama ile, au kuibadilisha sura, hupita langoni bila kutambuliwa. Badiliko dogo katika jeni moja ya kuvu linaweza hivyo kuifuta kazi ya miaka 15 ya mtaalamu wa mbegu. Lakini mara nyingi alama hiyo ni silaha pia, na kuvu inayoitupa hupoteza sehemu ya ukali wake. Baadhi ya ukinzani hudumu kwa sababu hiyo: kuukwepa kunaigharimu kuvu kuliko inavyoweza kulipa.

Kuvu isiyooana inapataje watoto tofauti?

Fusarium oxysporum haijawahi kuonekana ikizaa kwa njia ya kuoana. Huzaa kwa kutoa spora zinazofanana na mzazi, na pia hutengeneza spora zenye ukuta mnene zinazoweza kukaa udongoni kwa miaka mingi bila kabichi yoyote. Kwa hesabu ya kawaida, kiumbe cha namna hiyo kingepaswa kuwa na koo chache zisizobadilika, na kwa kiasi fulani ndivyo ilivyo. Koloni zenye maumbile yanayopatana huweza kuunganisha nyuzi zao na kubadilishana viini vya seli, na zisizopatana hukataana. Wataalamu hutumia tabia hiyo kuzigawa katika makundi ya upatanifu, na mara nyingi kundi moja huwa ni ukoo mmoja uliosambaa bila kuchanganyika na mwingine.

Hata hivyo tofauti huingia kwa milango mingine. Mlango wa kwanza ni makosa ya kunakili DNA, ambayo katika shamba lenye mabilioni ya spora hayawezi kukosekana. Wa pili ulibainika mwaka 2010, watafiti waliposoma jenomu, yaani DNA yote, ya Fusarium ya nyanya. Waligundua kwamba baadhi ya kromosomu zake hazimo katika spishi za jamaa zake, na kwamba ndizo zinazobeba jeni za ukali dhidi ya nyanya. Walipokuza pamoja kuvu kali na kuvu isiyodhuru, kromosomu nzima ilihama kutoka ya kwanza hadi ya pili, na ile isiyodhuru ikapata uwezo wa kuiugonjesha nyanya. Jambo hili hunishangaza kila ninapolifikiria. Sehemu kubwa ya Fusarium zilizo katika mashamba yetu hazimdhuru mtu wala mmea. Huishi kwa kula mabaki na nyingine husaidia kuwazuia maadui. Kumbe baadhi yao zinaweza, kwa kupokea kromosomu moja, kuhamia upande wa adui.

Ugunduzi huo unaeleza pia fumbo la majina. Fusarium oxysporum imegawanywa katika fomu maalumu zaidi ya 100 kulingana na mmea unaoshambuliwa: ya kabichi huitwa conglutinans, ya nyanya lycopersici, ya ndizi cubense. Majina haya humfanya mtu adhani kwamba kuvu zote za fomu moja ni ndugu wa tumbo moja. Sivyo. Uchunguzi wa DNA ya Fusarium za migomba ulionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba zimetoka katika matawi kadhaa yasiyo na babu mmoja wa karibu. Fomu maalumu ni jina la kazi, wala si jina la ukoo. Mvuvi wa Lamu na mvuvi wa Ziwa Turkana wote ni wavuvi, lakini hakuna atakayesema ni ndugu kwa sababu kila mmoja ana nyavu.

Kundi la viazi, kundi la kabichi, na chotara

Rhizoctonia solani, inayoozesha shingo ya mche hadi ikawa nyembamba kama waya na baadaye kuozesha sehemu ya chini ya kichwa, ni mfano ulio wazi zaidi wa jina moja kufunika vitu vingi. Haitoi spora za kawaida. Hujieneza kwa nyuzi na kwa vidonge vigumu vya kahawia. Wataalamu huweka vipande viwili vya kuvu kwenye kioo, huvingoja vikutane, kisha hutazama kwa darubini kama nyuzi zinaungana. Zikiungana, zimo katika kundi moja. Zisipoungana, ni makundi tofauti. Kwa njia hii makundi makuu 13 yenye nambari yametambuliwa, na tofauti za DNA kati yake ni kubwa kiasi kwamba baadhi ya wataalamu huyaona kama spishi mbalimbali zilizokopeshana jina.

Mkulima wa Nyandarua, ambako viazi na kabichi hupokezana shamba, ana sababu ya kuyajua makundi haya. AG ni ufupisho wa jina la Kiingereza la makundi hayo. AG-3 ni kundi la viazi zaidi, lile linaloacha vidonge vyeusi kama matope yasiyooshwa kwenye ngozi ya kiazi. AG-2-1 linajulikana sana kwa kuishambulia familia ya kabichi. AG-4 halichagui: hula miche ya kabichi, nyanya, maharagwe na mingine mingi. Maabara ikimwambia mkulima kwamba shamba lake lina Rhizoctonia na kuishia hapo, haijamwambia kama viazi vilivyotangulia vimeiandalia kabichi maradhi au la. Nambari ya kundi ndiyo jibu.

Sclerotinia sclerotiorum, ile ya ukungu mweupe kama pamba na vidonge vyeusi vinavyofanana na kinyesi cha panya, nitaipitia upesi. Hushambulia zaidi ya spishi 400 za mimea, zikiwemo maharagwe, karoti na viazi. Inaweza kujizalisha yenyewe bila mwenzi, kwa hiyo hata spora inazotoa baada ya kile kinachoonekana kama kuoana aghalabu hufanana na mzazi. Uchunguzi uliofanywa katika mashamba ya kanola, zao la mafuta lililo jamaa ya kabichi, nchini Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuta nakala za ukoo mmoja katika maeneo yaliyotengana sana, na zikijirudia mwaka baada ya mwaka. Hapa tofauti za kijeni zipo, lakini hazijalingana na mbari zinazochagua mbegu hii na kuiacha ile. Kabichi zote ni chakula chake.

Verticillium longisporum ilifuata njia ya ajabu zaidi. Ni chotara wa spishi mbili za kuvu zilizoungana na kubaki na karibu seti zote mbili za jeni, ndiyo maana spora zake ni ndefu kuliko za jamaa zake. Muungano huo ulitokea mara tatu au zaidi, kila mara ukimhusisha mzazi mmoja aliyepewa jina A1, ambaye hajawahi kupatikana akiishi peke yake. Anajulikana kwa alama alizoziacha ndani ya watoto wake tu. Wazazi wengine ni watatu, D1, D2 na D3, na koo zinazotokana nao hutofautiana kwa ukali. Ugonjwa huu umeripotiwa zaidi Ulaya, Amerika Kaskazini na Japani. Nimeutaja kwa sababu unaonyesha kwamba ugonjwa mpya wa kabichi unaweza kuzaliwa siku moja, kwa muungano mmoja, bila kungoja mlimbikizo wa mabadiliko madogomadogo.

Kuhesabu kisichoonekana

Mtafiti anayetaka kujua tofauti za kijeni za kuvu katika kaunti moja huanza kwa jambo lisilo la kifahari hata kidogo: kukusanya mashina yaliyooza kutoka mashamba mengi, kuyasafisha, na kuotesha kuvu iliyomo kwenye bamba la maabara hadi apate koloni iliyotokana na spora moja au ncha ya uzi mmoja. Bila hatua hiyo atakuwa anasoma DNA ya umati. Kisha huchagua sehemu ya DNA ya kusoma. Sehemu inayoitwa ITS ilipendekezwa mwaka 2012 kuwa kitambulisho cha jumla cha kuvu, nayo humtosha anayetaka kujua tu kama ana Rhizoctonia au Sclerotinia. Kwa Fusarium haitoshi, kwa kuwa spishi zilizo karibu hufanana mno hapo. Husomwa jeni nyingine, hasa ile ya kipengele cha kurefusha protini. Anayetaka kutofautisha ndugu na ndugu ndani ya mbari moja huhitaji alama nyingi zilizotawanyika katika jenomu nzima.

Tuseme ana sampuli 40. Akipata maumbile matatu tu ya kijeni yanayojirudia, amekutana na koo chache zinazojinakili, na swali lake linakuwa: nani anazisafirisha? Akipata maumbile 35 tofauti, amekutana na kuvu inayochanganya jeni zake au iliyokaa hapo muda mrefu sana. Ili kujua ni lipi kati ya hayo, hutazama kama alama za jeni husafiri pamoja. Katika kuvu inayojinakili, aliye na alama ya kwanza karibu daima ana ya pili na ya tatu. Katika kuvu inayooana, alama hizo huchanganyika kama karata zilizopigwa vizuri. Njia hizi zote zinawezekana hapa Nairobi. Katika eneo la Kabete pekee zipo maabara za KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na kituo cha ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, chenye vifaa vya kusoma jenomu.

Kinachohitaji busara zaidi ni mahali pa kuchukulia sampuli. Sampuli 40 kutoka shamba moja lililoharibika humweleza mtafiti habari za shamba hilo tu, na kwa kawaida zitaonyesha ukoo mmoja uliolitawala. Sampuli mbili mbili kutoka mashamba 20, yaliyopata miche kutoka vitalu tofauti, zinasema mengi zaidi kwa gharama ileile.

Kwa nini Wisconsin ilidumu na Alberta ikashindwa

Nguvu ya tofauti za kijeni inaonekana vizuri zaidi tukiweka kando ya historia ya Wisconsin historia ya Alberta, Kanada, ingawa mhusika wake ni ule uvimbe wa mizizi ambao si kuvu. Mwaka 2003 ugonjwa huo ulipatikana katika mashamba ya kanola karibu na Edmonton. Mwaka 2009 mbegu kinzani ikaanza kuuzwa, na wakulima wakaipokea kwa shukrani. Mwaka 2013 mashamba yaliyopandwa mbegu hiyo yakaonekana na mizizi iliyovimba, na kimelea kilichopatikana humo kikawa cha aina mpya inayoushinda ukinzani ule. Mkakati ulikuwa mmoja katika nchi zote mbili: kuutegemea ukinzani wenye msingi mwembamba. Wisconsin ulidumu kwa miongo. Alberta ulidumu miaka minne.

Mizizi iliyovimba ya mmea mmoja hubeba mabilioni ya spora, na imeonyeshwa kwamba ndani ya uvimbe mmoja zinaweza kukaa aina zaidi ya moja zenye uwezo tofauti wa kushambulia. Aina zinazoushinda ukinzani hazikulazimika kuzuliwa baada ya mbegu kufika. Zinaweza kuwa zilikuwemo tayari, chache, zimefunikwa na wingi wa nyingine. Mbegu kinzani ilipopandwa iliwaondoa washindani wao wote kwa mkupuo mmoja, na kupanda kanola mara kwa mara kukawapa chakula. Fusarium ya kabichi ilikuwa na koo chache, isiyooana, inayosafiri polepole pamoja na udongo, na mbari iliyoweza kuushinda ukinzani ilichelewa sana kutokea. Kwa hiyo anayeniuliza mbegu kinzani itadumu miaka mingapi, nami humuuliza: ndani ya udongo wako mna koo ngapi, na kila msimu zinaongezewa nyingine kutoka wapi?

Swali la pili ndilo linalonitia wasiwasi tukirudi Kiambu na viunga vya Nairobi. Nyumbani kwetu Githunguri tulikuwa na desturi ya kupanda kabichi msimu mmoja, sukuma wiki msimu wa pili na brokoli wa tatu, tukaamini tumeupumzisha udongo. Yote matatu, pamoja na koliflawa, ni spishi moja, Brassica oleracea, iliyochongwa na wakulima kwa karne nyingi ikapata sura mbalimbali. Kwa kuvu ya udongoni, huo ulikuwa mlo mmoja uliopakuliwa katika sahani tatu. Hata kanzira, inayopendwa magharibi mwa nchi, haiko mbali: ni chotara wa kale wa kabichi na haradali nyeusi, na hubeba jenomu kamili ya ukoo wa kabichi ndani yake. Mahindi na nyasi za mifugo ni mapumziko ya kweli. Karoti na maharagwe hufaa kwa shamba lenye Fusarium ya kabichi, lakini katika shamba lenye Sclerotinia ni kumwandalia adui chakula kingine.

Tena, koo husafiri kwa mikono yetu. Mche ulionunuliwa kitaluni ukiwa na donge la udongo kwenye mizizi husafirisha kila kilichomo ndani ya donge hilo. Magunia, jembe la kuazima, magurudumu ya lori lililoingia shambani kupakia, vyote hivyo hubeba udongo. Majani yanayotupwa Marikiti na Wangige hulishwa ng'ombe, na samadi hurudi mashambani. Spora za uvimbe wa mizizi zinajulikana kuwa hupita tumboni mwa mnyama zikiwa hai. Kila safari ya namna hiyo inaweza kuuongeza ukoo mmoja katika shamba lililokuwa na mwingine. Shamba lenye ugonjwa tayari linapaswa kulindwa dhidi ya udongo wa nje kama vile shamba safi, jambo ambalo wakulima wengi huona halina maana kwa kuwa maradhi yameshaingia. Kuosha buti na jembe, kuotesha miche kwenye trei zenye udongo uliopashwa joto, kung'oa na kuchoma mizizi, kutia chokaa katika udongo wenye asidi pale uvimbe wa mizizi ulipo, haya yote yana faida ambayo jeni moja kinzani haina: hayategemei kimelea kitambuliwe kwa alama, hivyo badiliko dogo la jeni moja haliyabatilishi.

Anayepeleka sampuli maabara apeleke sehemu ya chini ya shina pamoja na mizizi, kutoka kwenye mmea ulioanza kuugua wala si uliokwisha kuoza, akiifunga kwa karatasi badala ya plastiki ili isivunde njiani. Pamoja nayo aandike mambo matatu: miche ilitoka kitalu gani, mazao gani yalipandwa hapo misimu mitatu iliyopita, na jina kamili la mbegu kama lilivyo kwenye pakiti. La tatu ndilo husahaulika mara nyingi, na ni hasara kubwa. Maabara inaweza kuitambua Fusarium bila kujua mbegu, lakini Fusarium iliyotoka katika kabichi isiyo na jeni A haistaajabishi, ilhali ile iliyotoka katika kabichi iliyoandikwa Foc: 1 ndiyo ya kwanza kupelekwa kupimwa mbari.